Mlinzi wa Antigone na kicheko cha Katanika

Wandugu, wenye walikuwepo jioni ile katika ukumbi wa Katanika wanakumbuka. Umeme ulikuwa umekatika, tukaazima jenereta, ikawa inanguruma nyuma ya ukuta mpaka nusu ya maneno tulikuwa tunayasoma midomoni. Vijana wetu walicheza Antigone ya Sophocles. Waliitoa katika tafsiri ya Kifaransa, wakaitia katika Kiswahili chetu cha hapa Kalemie. Mambo yalienda kwa heshima kubwa, watu kimya, mpaka mlinzi akaingia.

Aliingia hatua mbili mbele, moja nyuma. Akageuka kama mtu aliyesahau kitu nyumbani. Akasimama, akajikuna shingo, akasema: "Shefu, siwezi kusema nimekimbia kuja hapa. Kwa kweli nimekuwa ninasimama-simama njiani." Ukumbi ukaanguka kwa kicheko. Mama aliyekaa karibu na miye alicheka mpaka kitambaa kikamtoka kichwani.

Hapo mwalimu mmoja wa Kifaransa, jina naliacha, akasimama safu ya mbele na kutugeukia: "Munacheka nini? Hii ni tragédie! Kuna maiti pale!" Tukanyamaza. Na sehemu iliyobaki tuliiangalia kama watu walio kanisani, tukiogopa hata kukohoa.

Nimebeba jambo hili muda mrefu, na sasa ninasikia kikundi kinajitayarisha kuucheza tena mchezo ule, na kwamba kuna wenye wanapendekeza mlinzi akatwe, au basi aongee maneno machache akiwa amesimama wima, ili watu wasipate nafasi ya kucheka. Njo maana naandika. Mimi nadhani jioni ile mwalimu alikosea, na ukumbi ulikuwa na haki. Si haki yote, nitafika hapo.

Kwa wale ambao hawajausoma: ndugu wawili wameuana wakigombania utawala wa mji wa Thebes. Creon, mjomba wao, ndiye sasa mfalme. Anaamuru mmoja azikwe kwa heshima, mwingine aachwe nje aliwe na mbwa na ndege, na atakayemzika atauawa. Antigone, dada yao, anamzika. Anamwagia vumbi. Mlinzi wetu ni mmoja wa watu waliowekwa kuchunga ile maiti.

Mchezo huu ni wa kama mwaka 441 KK, na ukiuangalia vizuri utaona kwamba Sophocles hakumweka mlinzi pale kwa bahati mbaya. Walinzi walipokuta maiti imefunikwa vumbi, walianza kulaumiana, karibu wapigane. Mwishowe wakapiga kura nani apeleke habari kwa mkubwa, kura ikamwangukia huyu. Anafika mbele ya Creon, na kabla ya kusema habari yenyewe anaanza kujitetea: si mimi, wala sikumwona aliyefanya. Creon anamsukuma aseme, yeye anazunguka. Akiisha kusema, Creon anawaka: mmehongwa! Kuna watu wamewapa pesa! Mlinzi anamuuliza kama maneno yake yanamuuma masikioni ama rohoni. Fikiria askari wa mshahara mdogo anamuuliza mkubwa wa nchi swali kama hilo!

Tazama sasa. Kabla Antigone hajaletwa mbele ya Creon, mtu wa kwanza kumjibu mfalme uso kwa uso ni huyu mwoga. Na ni kupitia yeye tunagundua ugonjwa wa Creon: mtu huyu kila akisikia jambo asilolielewa anaona rushwa. Baadaye atamwambia hivyo hivyo Tiresias, mzee kipofu anayesema maneno ya miungu, na hapo hakuna atakayecheka tena. Lakini mara ya kwanza tulionyeshwa ugonjwa ule tukiwa tunacheka. Ukimkata mlinzi, au ukimkausha, Creon anaanza mchezo akiwa mfalme mwenye hoja ngumu na anageuka jeuri ghafla, bila sisi kujua ametokea wapi.

Mlinzi anaondoka akiapa kwamba hawatamwona tena. Muda mfupi baadaye anarudi, safari hii anatembea haraka, kwa sababu amemkamata Antigone. Na anaanza kwa kueleza kwamba binadamu asiape kitu chochote. Watu wanacheka tena, ndiyo. Halafu anasimulia namna walivyoipangusa ile maiti vumbi, wakaenda kukaa juu ya kilima upande upepo unakotoka, ili harufu isiwafikie. Sisi watu wa ziwa tunaoanika ndagala tunajua vizuri mambo ya kuchagua upande wa upepo. Sehemu hiyo hakuna aliyehitaji kufafanuliwa. Kisha, katikati ya maneno yake ya kawaida, mlinzi anasema jinsi msichana alivyolia alipoiona maiti imefunuliwa: kama ndege aliyerudi kwenye kiota na kukuta watoto hawapo. Picha hiyo Sophocles hakuiweka kinywani mwa mfalme wala mwa wazee wanaoimba. Alimpa mchekeshaji. Na mchekeshaji huyo huyo anakiri kwamba kuepuka shida ni utamu, na kumwingiza mtu unayempenda katika shida ni uchungu, lakini kwake yote hayo ni madogo kuliko usalama wake mwenyewe.

Hapo kicheko kinakukwama. Kwa sababu umemcheka dakika kumi nzima ukimpenda, umekuwa upande wake, umetaka apone. Amepona. Bei ya kupona kwake ni yule msichana amesimama pale kichwa chini, na wewe ulikuwa unapiga makofi.

Vitabu vingi vya shule vinatufundisha kwamba vichekesho katika tanzia (hivyo ndivyo wanavyoiita ndugu zetu wa ng'ambo ya ziwa, tanzia) ni mapumziko: mshairi anakupumzisha kidogo ili uweze kulia tena. Nimeisoma sentensi hiyo mara nyingi, hata kuinakili katika TFC yangu nimewahi. Siiamini tena. Mlinzi hakunipumzisha. Alinifanya mshirika.

Na kuna jambo moja mwalimu hakulifikiria aliposema "kuna maiti pale". Ni nani aliyekuwa amekaa katika ukumbi ule? Katanika si jina tu la mtaa. Tunakumbuka wote, mwaka 2017 na baadaye, wakati mapigano ya Batwa na Baluba yalipomwaga watu kutoka vijiji vya ndani mpaka Kalemie, ni hapa Katanika ambapo maelfu walijenga vibanda vya majani na plastiki. Wengi wao walikuja bila kuzika. Waliacha mzee ndani ya nyumba, waliacha mtoto njiani, wakakimbia. Sasa wewe unawaambia watu hao kwamba hawajui uzito wa maiti isiyozikwa? Yule mama wa kitambaa, nilikuja kujua baadaye, alikuwa mmoja wao. Yeye hadithi ya Antigone hakuwa na haja ya kuelezwa. Na kila mmoja wao amesimama mbele ya mtu mwenye bunduki kwenye kizuizi, mtu mwenye njaa, mwoga kuliko wao, anayesema "miye natumwa tu". Walimcheka mlinzi kwa sababu wanamfahamu.

Sasa tujiulize mwalimu aliitoa wapi sheria yake. Si Athens. Kule, katika sikukuu ya Dionysus, kila mshairi wa tanzia alileta tanzia tatu na juu yake mchezo wa nne wa masatiri, wale viumbe nusu mtu nusu mnyama wenye mikia ya farasi, walevi na wahuni. Mshairi yule yule, wachezaji wale wale, siku ile ile. Watu walilia asubuhi na kurudi nyumbani wakiwa wamecheka. Aristotle mwenyewe, ambaye tunamtaja kila mara tunapotaka kumtisha mtu, aliandika kwamba tanzia ilianza na hadithi ndogo ndogo na lugha ya kuchekesha, ikachelewa kupata uzito wake. Na Plato anamaliza kitabu chake cha karamu na Socrates akiwashikilia washairi wawili waliolemewa na usingizi na pombe, akiwalazimisha wakubali kwamba anayejua kutunga tanzia anapaswa kujua kutunga vichekesho pia.

Sheria ya kutenganisha tuliipata Ufaransa. Ni Boileau, mwaka 1674, aliyetaka machozi yakae mbali na vichekesho. Na si hata Wafaransa wote waliokubali: Victor Hugo mwaka 1827, katika dibaji ya Cromwell, aliishambulia sheria hiyo waziwazi. Tunasoma Hugo shuleni, tunajibu maswali yake katika mtihani wa dola, kisha tunaingia ukumbini na kukaa kama Boileau. Sisi Wagiriki hatukuwapokea mkono kwa mkono. Walipitia Paris kwanza, na huko wakavalishwa koti na tai.

Ngoja niwape mfano mwingine, maana mtu anaweza kusema mlinzi ni mmoja tu. Chukua Alcestis ya Euripides, ya mwaka 438 KK. Mfalme Admetus anatakiwa kufa. Mungu Apollo amempatia ruhusa: akipata mtu wa kufa badala yake, atapona. Anazunguka kuomba. Baba anakataa, mama anakataa. Mke wake, Alcestis, anakubali, na anakufa mbele yetu akiwaaga watoto. Siku hiyo hiyo ya kilio anafika mgeni, Heracles, lile jitu la nguvu. Admetus anaona aibu kumfukuza mgeni, basi anamdanganya kwamba aliyekufa si mtu wa ukoo, anamwingiza vyumba vya wageni na kuamuru milango ifungwe asisikie watu wakilia. Heracles anakula, anakunywa, anavaa taji la majani, anaimba vibaya. Mtumishi anatoka nje analalamika: huyu mgeni hajashiba bado, na mimi kwa ajili yake nimekosa hata kumsindikiza mama wa nyumba kaburini. Heracles anamfuata, anamgombeza kwa kununa, anamfundisha eti maisha ni mafupi, kunywa bwana! Mpaka mtumishi anamwambia ukweli.

Ile sura ya mlevi anayeivua taji yake pole pole, ningetaka kuiona imechezwa na mtu wa hapa. Tanzia zenye wafalme kumi waliokufa hazinifikii pale ambapo hii inafika. Na yote inatokana na kucheka.

Ndani ya mchezo huo huo kuna baba wa Admetus, mzee Pheres, anayekuja kilioni na zawadi, na mtoto wake anamtukana mbele ya jeneza: wewe mzee umeishi vya kutosha, kwa nini hukufa badala yangu? Mzee anamjibu: wewe unapenda kuishi, ulidhani baba yako hapendi? Kisha anamwambia mwoga ni yeye aliyemwacha mke wake afe. Kila mtu aliyekaa chini ya bashi katika kilio cha Kalemie ameshasikia magomvi ya namna hiyo. Nani alikuja, nani hakutoa kitu, nani alimtesa marehemu na leo analia kuliko wote. Tunacheka pembeni tukiwa tumefunika mdomo kwa mkono, na hakuna anayesema kwamba kilio kimeharibika.

Nilipozika babu yangu, mmoja wa wajukuu alivaa koti lake na kofia, akachukua fimbo yake, akawa anatembea kati ya viti akituuliza kwa sauti ya mzee kwa nini tumekunywa chai yake yote. Wakati wa kutoa jeneza, wajukuu wakaziba njia, wakadai franka. Bibi, ambaye alikuwa hajanyanyua uso siku mbili, alicheka, na baada ya kucheka njo alilia kilio cha kweli. Ng'ambo, Tanzania, wanao watani ambao kazi yao msibani ni hiyo hiyo, kumwigiza marehemu na kuwasumbua wafiwa. Sisemi kwamba Wagiriki walikuwa Waluba. Nasema tu kwamba mtu aliyekulia kwenye vilio vyetu ana ufunguo wa mlango ambao wataalamu wa Ulaya wameugonga muda mrefu.

Kuna yaya mzee katika Wabeba Sadaka wa Aeschylus, 458 KK. Anaambiwa kijana Orestes, aliyemlea, amekufa. Habari ni ya uongo, watazamaji tunajua. Anakuja analia, na anachokumbuka katika kulia kwake ni nepi. Mtoto mchanga hasemi, anaeleza, hujui kama ana njaa au ana haja, mara nyingi nilikisia vibaya, nikawa mfuaji na mlezi kwa wakati mmoja. Katika mchezo uliojaa damu ya wafalme, mapenzi ya kweli yameachiwa mwanamke mmoja na ndoo yake ya kufulia.

Sasa ile sehemu ya pili niliyoahidi, ambapo ukumbi haukuwa na haki yote. Mlinzi alipomleta Antigone, na Creon akamwuliza msichana kama ni yeye aliyefanya, na msichana akasema ni yeye, mchezaji wetu aliyekuwa mlinzi alitupigia jicho. Alitukonyeza! Na kuna watu walicheka. Hapo mwalimu angesimama ningemshukuru. Bahati mbaya alikuwa ameshatumia ghadhabu yake yote mapema.

Nadhani najua kosa lilitoka wapi. Wengi wetu Antigone tunamjua kwanza kupitia Jean Anouilh, mchezo uliochezwa Paris mwaka 1944, Wajerumani wakiwa bado wanaukalia mji. Walinzi wa Anouilh ni watu wengine. Wamemkamata msichana, wanapanga wataila wapi ile zawadi watakayopewa. Msichana anangojea kifo, mlinzi anamweleza habari za mshahara na cheo, tofauti ya sajini na mlinzi. Mwisho wa mchezo wamekufa wote, walinzi wanacheza karata. Ni vichekesho vya baridi, na kwa mwaka ule wa 1944 vilikuwa na maana nzito. Lakini mlinzi wa Sophocles si huyo. Yeye dhamiri anayo, na woga anao, na woga unashinda. Mchezaji wetu alimchukua mtu wa Anouilh na kumtia katika maneno ya Sophocles, akakonyeza pale alipotakiwa kuinamisha uso. Kicheko kilichofuata kilikuwa cha kumcheka Antigone. Ni kitu tofauti kabisa.

Euripides aliujua huo mpaka, na katika Wabacchae aliutumia kutuadhibu. Mfalme Pentheus, mtu wa amri na magereza, anashawishiwa na Dionysus avae nguo za wanawake akawachungulie wanawake mlimani. Anatoka amevaa gauni, anauliza kama amefanana na mama yake, mungu anamrekebishia nywele zilizochomoka. Ukumbi wowote duniani utacheka. Baada ya muda mama yake anarudi kutoka mlimani amebeba kichwa, akifikiri ni cha simba. Ni cha Pentheus. Kama hukucheka mwanzoni, mwisho utakuwa ni habari ya kutisha tu. Kama ulicheka, unakumbuka ulicheka.

Kuna atakayesema haya ni ya Wagiriki, sisi hatuna desturi ya kuchanganya hivyo jukwaani. Tunayo. Kundi la Mufwankolo la Lubumbashi lilifanya kazi hiyo miaka mingi katika redio na televisheni, kwa Kiswahili cha Katanga, bila maandishi, wakianza na wazo na kulijenga kwa mazungumzo. Mwaka 1986, Mobutu akiwa katikati ya enzi yake, walitunga mchezo juu ya msemo kwamba utawala unaliwa mzima. Mtaalamu Johannes Fabian alikuwa nao na aliandika kitabu kizima juu ya kazi hiyo, kilichotoka 1990. Watu waliwaita wachekeshaji. Katika nchi ambayo neno utawala lilisemwa kwa kunong'ona, wao walilisema kwa sauti, mbele ya kamera.

Na maandishi ya Kigiriki katika Kiswahili yapo. Samuel Mushi alitafsiri Mfalme Edipode na kitabu kikatoka mwaka 1971. Humo pia yumo mjumbe kutoka Korintho anayekuja mbio na habari njema, na anayekiri bila aibu kwamba anatumaini kupewa kitu. Habari yake njema ndiyo itakayomvunja Edipode. Kikundi kikimaliza Antigone, ningependa wamjaribu huyo.

Kwa sasa ombi langu ni dogo. Mumwache mlinzi na maneno yake yote, kuanzia kusimama-simama njiani mpaka ndege na kiota. Mumpe mtu anayejua kuchekesha, lakini mumfundishe kutomwangalia mtazamaji hata mara moja tangu Antigone anapoingia. Na mtafute jenereta yenye sauti ndogo, tafadhali. Nimeambiwa Creon amepatikana, Antigone amepatikana, Ismene wako wawili wanagombea. Nafasi ya mlinzi bado haina mtu. Yule mama wa Katanika ameniuliza mara mbili itakuwa lini.